Wiki Kumi na Saba za Buluu

...tena anatafuna na kofia kichwani, Merete anawaza, kofia ya baiskeli, ndani ya treni, kana kwamba dari litamwangukia, anautafuna mkate wake mweusi uliopakwa maini ya kusaga na kila tonge analimalizia kwa kupiga ulimi, na hakuna wa kumwambia kitu, maana hili ni behewa la kimya na picha iliyobandikwa mlangoni inakataza simu na maneno, haikatazi mataya, watu hawa picha ikiwaambia jambo wanalifuata mpaka mwisho na isipowaambia hawajui waishi vipi, na treni imesimama, dakika ya sita sasa, kabla ya Ringsted, katikati ya shamba la maua ya manjano ya kukamulia mafuta yaliyochanua mpaka yanaumiza macho, na simu iko mapajani mwake, kioo juu, na kwenye kioo yamekaa maneno yaleyale yaliyokuwepo alipopanda Slagelse, Tilde amebadilisha matukio kumi na saba, na chini yake vitufe vitatu, Kubali, Kataa, Pendekeza wakati mwingine... Matukio. Mtoto wa miaka kumi na tatu, mtoto wa kumzaa mwenyewe, amebadilisha matukio, kama katibu wa kampuni ya saruji. Wiki zake, ndizo matukio yenyewe. Wiki ya kijani ni ya mama, wiki ya buluu ni ya baba, Ijumaa mchana begi linahama, hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu yeye na Henning waachane miaka sita iliyopita, na hivyo ndivyo wanavyoishi nusu ya watoto wa darasa la Tilde, wiki huku wiki kule, kila mtoto na miswaki miwili, na leo asubuhi akiwa bado na kikombe mkononi ameifungua kalenda yao ya pamoja ya simuni kuangalia saa ya mafunzo yake ya Copenhagen na akaona kuanzia Agosti mpaka Pasaka buluu tupu, buluu juu ya buluu, kijani hakuna hata mstari, bila neno, bila hata kikatuni cha uso unaolia, na vikatuni hivyo wanavituma hata supu ikiungua... "Abiria wapendwa," kipaza sauti kinasema, sauti ya kiume, tamu, sauti ya mtu anayewasomea watoto kitabu, "kama mlivyoona, tumesimama," asante, baba, tumeona, "tunasubiri ishara ya njia na tutawajulisha pindi," pindi nini, pindi mtakapojua, na hamjui, na kioo kilichoning'inia juu ya mlango kinaonyesha mwendo wa treni, kilomita sifuri kwa saa, kwa tarakimu za kijani nzuri kabisa, mtu alilipwa kuzichora hizo tarakimu, na pembeni yake familia inacheka ufukweni, baba, mama, watoto wawili, meno kama ya farasi, safiri kwa raha.

Yule mwanamke mwenye koti la mvua bado amesimama pale karibu na choo. Merete amemwona tangu alipopanda, ana tiketi ya kiti namba sitini na moja, ameitazama tiketi, akaitazama namba ukutani, akamtazama yule wa kofia aliyekalia hiyo sitini na moja, akaitazama tiketi tena kama vile namba itaona haya na kubadilika, halafu akaenda zake kusimama, na atasimama mpaka Copenhagen, miguu imvimbe, kuliko kutoa maneno manne, samahani, kiti ni changu, na jioni atamweleza mumewe kwa saa nzima jinsi watu siku hizi walivyokosa adabu. Lo, nchi hii. Unaweza kufa kwenye kiti cha treni na wakakuruka kwa heshima. Na hao wawili wa upande wa pili wananong'ona, wananong'ona kwa nguvu, mnong'ono unaosikika mpaka behewa la tatu, "...maji digrii tisa tu, shoga, nilidhani moyo utasimama, lakini ukishatoka..." "...unazaliwa upya," "ee, upya kabisa!" na mara ya ngapi unazaliwa, bibie, Merete anawaza, kila Jumamosi unazaliwa, unaingia baharini uchi na kofia ya sufu, unatoka, unapiga picha ya kikombe cha chai kando ya maji, na unatoka yuleyule, hata siku moja hujatoka mwingine... Kataa. Abonyeze Kataa na mambo yaishe. Kidole gumba kipo juu ya kitufe na kioo kimezima chenyewe kwa kuchoka kusubiri, anakigusa, kinawaka, kumi na saba.

Ni Henning. Lazima ni Henning. Henning na gari lake linalozungumza, gari linalomwambia ana usingizi wakati hana usingizi, linalomwambia mlango uko wazi wakati yeye ndiye aliyeufungua, Henning na nyumba ya sakafu yenye joto, na mwanamke wake Sidsel mwenye mapazia ya kitani, na mbwa, mbwa walimnunua mwezi wa pili, mbwa wa manyoya yaliyojisokota kama zulia la chooni, umemnunua mwanangu kwa mbwa, Henning, atamwambia hivyo hivyo, na Henning atasema, "Acha basi, Merete, tusianze," kwa ile sauti yake ya mtu anayepoza chai, na yeye atasema nini, yeye ana nini cha kumpa mtoto, vyumba viwili vinavyotazama maegesho, na mama anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuwavalisha wazee soksi za kubana miguu, na kibao cha kompyuta cha kazini kinachomhesabia dakika, dakika saba za soksi, dakika kumi na mbili za kuoga, na leo anaitwa Copenhagen siku nzima kufundishwa kibao kipya, cha tatu katika miaka minne, na atakayewafundisha atakuwa kijana wa viatu vyeupe ambaye hajawahi kumvisha mtu soksi maishani mwake, atasema tuanze kwa kufumba macho na kuhisi miguu yetu, na wao wote kumi na wanane wataihisi, miguu ndiyo kitu pekee wanachokihisi. Mzee Aksel peke yake ndiye mwenye akili. Miaka tisini na moja, kila asubuhi anauliza, "Hilo sinia lako limekuruhusu kukaa leo, binti?" "Limenipa dakika saba, mzee." "Basi sita za soksi, na moja unitukane kidogo, hakuna anayenitukana siku hizi, wote wananiuliza najisikiaje"... Henning. Lakini jina lililoandikwa hapa si Henning. Tilde amebadilisha. Henning angebadilisha, kalenda ingesema Henning, kalenda haidanganyi, ndiyo sifa yake, ndiyo sababu waliichukua.

Waliichukua? Nani aliichukua... "Abiria wapendwa," kipaza sauti tena, "bado tunasubiri," na yule wa kofia anakunja karatasi ya mkate mara nne, kwa uangalifu, kama bendera... yeye aliichukua, Merete, ni nani mwingine. Walikuwa wameketi kwa yule mwanamke wa ofisi ya kusuluhisha wazazi wanaoachana, mwenye mkufu wa shanga kubwa kama viazi, mshumaa mezani saa nne asubuhi, sanduku la karatasi za kufutia machozi limesogezwa katikati ili kila mzazi alifikie sawa, na yeye na Henning wakifokeana juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba aliyekuwa akichora farasi, na jioni ileile Merete aliipakua kalenda, akachagua rangi, mimi kijani, yeye buluu, akaandika karatasi akaibandika kwenye jokofu, Mabadiliko yote kwenye kalenda, hakuna kusemeana mlangoni, na akajiona mwanamke mwenye busara kuliko wote wa Slagelse. Na kazi ilifanya. Ugomvi ulikwisha. Tilde anasimama mlangoni na begi, "Baba kasema Ijumaa ijayo..." "Kwenye kalenda, Tilde." "Lakini ni siku ya kuzaliwa ya Vigga wa darasani kwetu na mimi nataka..." "Kwenye kalenda, mwanangu, tulikubaliana." Jino kwenye kalenda, chanjo kwenye kalenda, kilio cha kutotaka kwenda kambini, weka kwenye kalenda tutaona, na mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, wiki ya buluu, ilitokea nukta nyekundu siku ya Jumanne na maneno mawili, imeanza leo, na Merete aliiona kwenye ngazi, kati ya soksi za mzee Aksel na soksi za bibi wa ghorofa ya juu, akajua ni nini, mwili mzima ukajua, na kibao kilikuwa kinalia kwamba amechelewa dakika mbili, na akabonyeza Kubali. Kubali. Mwanawe amevunja ungo na yeye amekubali tukio. Hakupiga simu. Ijumaa Tilde alipofika na begi walizungumza habari za hesabu.

Na sasa hawa anaowadharau tangu Slagelse, hebu... huyo wa koti la mvua asiyeweza kusema maneno manne, hebu tumtazame vizuri, amebadilisha mguu, sasa anasimamia wa kushoto. Basi. Merete anageuzia uso dirishani, manjano, manjano, sura yake mwenyewe juu ya manjano, mikunjo miwili kando ya mdomo. Viatu. Hataki kukumbuka viatu, asubuhi nzima ametafuta kila mtu wa kumchukia ili asifike kwenye viatu, na vimefika. Wiki tatu zilizopita, Ijumaa, begi limeshaondoka, mlango umefungwa, na yeye amevua suruali ya kazi, amekaa na soksi zake miguu juu ya meza, dirisha wazi, kikombe tumboni, na akaanza kuimba, hajui hata ulikuwa wimbo gani, upuuzi fulani wa redioni, kwa sauti, kwa sauti kubwa kabisa, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na hakuna aliyehitaji kitu, na alipogeuka Tilde alikuwa amesimama sebuleni. Amerudi na ufunguo wake. "Samahani," mtoto alisema, "nimesahau viatu vya michezo." Samahani. Ndani ya nyumba yao. Kama mgeni aliyefungua mlango wa chumba cha hoteli kisicho chake. Akachukua viatu, akatoka, na mlango aliufunga taratibu, ule utaratibu wa kutomwamsha mgonjwa... saa ngapi? Saa mbili kasoro dakika sita. Saa mbili kamili simu za darasa zima zinaingia sandukuni kwa mwalimu, mpaka saa nane mchana, na saa nane yeye atakuwa anahisi miguu yake Copenhagen, na kalenda itakuwa inasubiri jibu, ina subira hiyo, ina subira kuliko mama yeyote.

Anapiga. Palepale, kwenye kiti, katika behewa la kimya, na tayari vichwa vinainuka, wale wa maji baridi wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu wapande, inaita, inaita, "Mama?" sauti ya Tilde imebanwa, "nani kafa?" "Hakuna aliyekufa." "Sasa mbona unapiga?" "Nimeona kalenda." "Basi si ubonyeze." "Sibonyezi." "Mama, tafadhali, ukikataa zinarudi zote upya, nilizibadilisha moja moja, haina kitufe cha zote pamoja." "Sijakataa pia. Nakuuliza kwa mdomo." "Kwa mdomo?" na mtoto anacheka, kicheko kifupi, cha pua, na Merete anakitambua, ni chake mwenyewe, ndicho alichokuwa akiwacheka nacho watu asubuhi nzima. "Ni mbwa?" "Si mbwa, mama! Mbwa ananuka." Yule wa kofia amenyoosha kidole kuelekea picha ya mlangoni, hasemi, ananyoosha tu, na Merete anamwambia, wazi, behewa zima lisikie, "Nimeiona, ndugu yangu, wewe endelea kutafuna," na Tilde, "Unaongea na nani?" "Na mjinga. Niambie." Viti vinaburutwa huko, mlango, watoto. "Mwalimu ameshaanza kupita na sanduku." "Mwambie asubiri." "Mama, siwezi kumwambia..." "Tilde." "Siku ile ulikuwa unaimba," mtoto anasema, haraka, kama anasoma orodha, "sijawahi kukusikia ukiimba, mimi nikiwepo huwa huimbi, unauliza nimefanya nini na mashine ya kuosha vyombo. Nikaona basi uwe nazo zote. Ijumaa zote." Na Merete hajui kama anapewa zawadi au anachapwa, mtoto mwenyewe pengine hajui, na jibu liko tayari mdomoni, ilikuwa redio, mwanangu, ilikuwa redio, ni jepesi, lingepita. "Ni kweli," anasema. "Nilikuwa naimba." "Najua." "Nilifurahi umeondoka." Hata wa koti la mvua amegeuka, na Merete anawaza haya, nimelisema, sasa atakata, mtu yeyote angekata, mimi ningekata, halafu sauti ya Tilde, ndogo, kavu, ya mtu anayefanya hesabu: "Mpaka saa ngapi?" Nje manjano hayajasogea hata hatua moja. Saa ngapi, kweli, anatafuta, hataki kuongeza wala kupunguza. "Saa mbili usiku. Nilikuwa nimemenya viazi vya watu wawili." "Ukavitupa?" "Nikavila." "Vyote?" "Vyote. Kwa hasira." Na upande wa pili kuna pumzi, na kitu cha mbao, bila shaka lile sanduku, kinagongwa mezani, na Tilde anamwambia mtu mwingine, kwa mdomo, kwa sauti ambayo Merete hajawahi kuisikia kwake, "Subiri kidogo, mwalimu, naongea na mama."