Samli ya Mzazi

Samli ilikuwa imebaki mtungi mmoja tu, na ulikuwa wa mama. Kila mtu nyumbani alijua hivyo, hata baba.

Mama aliitengeneza mwenyewe kipindi kile mvua iliponyesha vizuri na jangwa lote likaota majani, kondoo wakashiba mpaka wanatembea kwa uvivu. Alikuwa na mimba changa. Asubuhi anatapika, akimaliza anajifuta mdomo, anakaa chini kusukasuka kiriba mpaka siagi ishikane. Halafu akaichemsha na ngano ya kuvunja na viungo, akachuja. Mitungi mingine ililiwa na wageni, mingine baba akaipeleka sokoni, mjini Mafraq. Huu mmoja mama akaufunga kitambaa mdomoni, akasema, "Huu usiguswe. Ni wa arobaini yangu."

Kwetu mwanamke akizaa analishwa mkate mwembamba uliolowekwa samli na sukari, asubuhi na jioni, ili nguvu zimrudie na maziwa yashuke. Kondoo wenyewe siku hizo za baridi walikuwa wanakula shayiri na mikate mikavu ya kununua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na maziwa. Kwa hiyo mtungi ule ukiisha, umeisha.

Nayif alizaliwa alfajiri. Baba alikuwa anaitwa Abu Nayif, yaani baba yake Nayif, tangu siku ya harusi yake, sisi wasichana tukawa tunazaliwa mmoja baada ya mwingine na jina bado halina mwenyewe. Sasa mwenyewe kaja. Mama alitoka damu nyingi sana, midomo yake ikawa nyeupe. Nayif alikuwa anashika ziwa, anavuta, anaachia, analia.

Kesho yake akaja mgeni. Daktari Ihsan, siyo wa sindano, ni daktari wa mambo ya chakula, anafundisha chuo kikuu Amman. Baba alikutana naye sokoni akiulizia samli za wafugaji, akamkaribisha. Baba akachinja kondoo, wajomba wakaja, chumba cha wageni kikajaa. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia. Mama kalala, mimi nakuna mtindi mkavu wa mansaf, ule wali wa nyama wa wageni, na shangazi Turfa, dada yake baba, yuko jikoni na mwiko.

Baba akaingiza kichwa. "Turfa! Juu ya wali weka samli ya majani, siyo hiyo ya kopo. Usiniaibishe."

"Iliyopo ni ya mzazi."

"Mzazi akipungukiwa vijiko viwili atakufa?"

"Siku ukizaa wewe nitakuuliza."

Baba akarudi kwa wageni. Shangazi akanitazama, akafungua kitambaa. Harufu ikajaa jikoni, ile harufu ya majani baada ya mvua. Mama alifumbua macho, akayafumba tena.

Walipokuwa wanakula tulimsikia daktari, ana sauti ya darasani. "Abu Nayif, nyie mnajua mlichonacho? Miaka mingi tuliwaambia watu mafuta ya mnyama ni sumu, wakakimbilia makopo. Sasa tukipima, mnyama aliyekula majani ya porini mafuta yake hayafanani na ya huyu anayefungiwa ndani na kulishwa nafaka. Yana yale mafuta mazuri tunayoyasifia kwenye samaki. Vitamini za macho, za mifupa. Sisemi mtu ajaze bakuli anywe, lakini mama anayenyonyesha! Anachokula yeye ndicho mtoto anachonyonya."

"Anasema kweli," shangazi alininong'oneza. "Anasema kweli na huku anaimaliza."

Baba sauti ilikuwa imepanda kwa furaha. Hajawahi kusifiwa na msomi mbele ya shemeji zake. "Daktari, mtungi uliobaki wote ni wako!"

"Hapana, hapana. Waachie watoto."

"Ni wako!"

"Abu Nayif, nimeshakula nimeshiba. Inatosha."

"Naapa kwa talaka! Mke wangu si mke wangu usipoondoka na mtungi huu ukaule na wanao, na si mke wangu kama kitarudi humu hata kijiko kimoja!"

Pazia lilikuwa jembamba, tulisikia kila neno. Shangazi akaangusha mwiko.

Baba anaapa hivyo kama watu wengine wanavyokohoa. Mara ya kwanza ni mgeni aliyekataa kulala kwetu, akaondoka zake, mama akafungasha nguo. Shehe akawarudisha. Mara ya pili ni shemeji yake kakataa mguu wa kondoo. Shehe akawarudisha tena, akamwambia baba, "Imebaki moja. Hiyo ikitoka, hakuna wa kukurudishia mke."

Daktari alikuwa anacheka. "Viapo vyenu vya jangwani hivi! Mimi siuchukui. Umesema mkeo kazaa jana? Basi mpe yeye. Mizigo yangu iko wapi, niwaage."

Alikuwa anaona anamtetea mama. Tukasikia anasimama, anatafuta viatu.

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Mizna. Mpelekee. Upesi."

"Mama, mimi?"

"Shangazi yako akienda watagombana. Nenda."

Mimi siongei mbele ya wanaume. Hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninaangalia dawati. Nilibeba mtungi kwa mikono yote miwili, nikapita pazia, nikasimama mbele ya daktari. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Mama anaomba uchukue."

"Mwanangu, mama yako anauhitaji kuliko mimi."

"Anauhitaji," nikasema. Watu wote walikuwa wananitazama. "Lakini ukiuacha, ni ya tatu."

"Ya tatu nini?"

"Talaka."

Daktari akaacha kucheka. Alinitazama, akamtazama baba, akatazama lile pazia. Akapokea mtungi polepole kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu bila kuulizwa. Baba naye aliniangalia kana kwamba nimetema mate kwenye zulia, halafu akamgeukia mgeni, akatabasamu, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Sinia ikarudi kwetu, maana sisi tunakula wakishaondoka. Shangazi akachukua kipande cha mkate akafuta pembeni pembeni kutafuta samli ya kumpa mama. Upande wa daktari ulikuwa safi, hata punje ya wali hakuna. Jioni mama akalowekewa mkate kwenye yale mafuta ya kopo. Akala. Yakaganda kaakaani mwake kama nta ya mshumaa, akaomba maji ya moto ayayeyushe.

Maziwa hayakushuka. Uwatu tulichemsha, supu ya mifupa tulichemsha, hayakushuka. Baba akaleta kopo la maziwa ya unga lenye picha ya kilima kibichi na ng'ombe aliyenenepa juu yake. Siku moja akamnyanyua Nayif, akampimapima mkononi.

"Mbona mwanangu mwepesi hivi?"

"Si umwapie talaka," shangazi akamwambia. "Labda atanenepa."

Baba akamrudisha mtoto kwenye godoro, akaenda kuangalia kondoo.

Mvua ilikuja, siyo nyingi. Majani yakaota mabondeni, kondoo wakazaa. Mama akakaa tena chini na kiriba chake, Nayif mgongoni. Mtungi wa kwanza ulipojaa akaufunga kitambaa, akauzamisha ndani ya gunia la shayiri, akanikabidhi kamba nifunge.

"Baba akiulizia samli?"

"Hakuna."

"Na mgeni je?"

Mama ameniteremshia kofi zaidi ya mara moja kwa kuchelewa kumpa mgeni maji tu. Sasa alifikiri kidogo huku anamtingisha Nayif.

"Hata akija mgeni, hakuna," akasema. "Kaza kamba."