Kikuba cha Bibi Kidawa

Mama mdogo Shemsa alinipa amri tatu asubuhi ile: inama, nyamaza, usicheke. Bibi harusi anayetolewa nje hanyanyui macho wala hasemi. Anakaa watu wamtazame mpaka washibe, kisha waende zao. Basi nikakaa. Mie Mardhiya, ambaye skuli waalimu walinibandika jina la Kasuku, nikakaa kimya kama mtungi.

Na ile haikuwa harusi, yalikuwa maonyesho. Binti wa jirani yetu aliolewa mwaka jana akaingia ukumbini kwa kiti cha kubebwa, na tangu siku hiyo Mama mdogo hakulala usingizi. Yeye akataka kiti kikubwa zaidi, na beni la kutusindikiza kwa miguu, na mashine ya kupuliza moshi. Kiti kikaja kweli, kipana kuliko uchochoro wetu! Kwenye kona ya kwanza tu kikakwama, mkono mmoja ukutani huku, mmoja ukutani kule, mie juu yake nimefunikwa shela, na beni nyuma halina habari, linapiga tu.

"Msimteremshe!" Mama mdogo akapiga kelele. "Wanarikodi!"

Wabebaji wakakilaza upande, nikapita hapo nimeng'ang'ania kama kuku wa tengani. Hapo ndipo nilipotaka kulia mara ya kwanza, lakini wanja ulikuwa haujakauka.

Bibi Kidawa, mama yake baba, alipozisikia habari za moshi na kiti alisonya. Ndiye aliyenilea Jambiani, mama yangu alipofariki. Mwani wake ndio ulioninunulia madaftari. Akanambia, "Mbwembwe hizo za nani? Wewe ukiwa na kikuba changu kifuani ushapambwa."

Kikuba anakifunga mwenyewe: asumini, mrehani wa uani kwake, kipande cha ua la mkadi, kisha anakikaza kwa uzi wa ukindu. Nyuzi za dukani hazitaki, anasema zinalinyonga ua. Akaniahidi: "Nitakuja nikubandike kwa mkono wangu. Miguu ikinishinda, kitafika." Katika harusi ile yote, wallahi, mie nilitaka hicho tu. Moshi wangeuvuta wenyewe.

Tulipofika mlangoni mwa ukumbi, somo yangu Bi Mwanamwema, aliyenifunda mambo ya ndoa, akanibandika kikuba kifuani. "Cha bibi yako hicho," akasema.

Nikakinusa. Hakina mrehani. Nikakipapasa nyuma: uzi wa cherehani.

"Somo, Bibi yuko wapi?"

"Yuko njiani. Inama."

Ningempigia simu, lakini simu yangu alikuwa nayo Mama mdogo tangu juzi, ati bibi harusi hashiki simu.

Ukumbini, mtu aliyeinamisha macho haoni ila miguu. Basi nikawa naitazama miguu tu, nautafuta wa Bibi. Naujua: kisigino kimepasuka, kucha ya dole gumba nusu, jiwe la baharini lilikula nusu nyengine. Ikapita miguu ya viatu virefu, miguu ya hina, miguu iliyovimba ya kina bibi wengine. Kila yalipokuja makubadhi ya kizee niliitafuta kucha ile, nisiione. Watu wakizungumza juu ya kichwa changu kama niliyezibwa masikio.

"Kapendeza, mashaallah!"

"Huo weupe wake, au poda?"

"Masikini mtoto, hajui."

"Nyamaza wewe!"

Nikamvuta somo buibui, "Hajui nini?" Akanifinya paja. "Macho, Mardhiya."

Nikayateremsha. Nilikasirika nikataka kukiuma kile kidole chake. Lakini unakwenda wapi? Mbele yako mia tatu na simu zao, nyuma yako ukuta wa maua ya karatasi, na shela lako refu limekandamizwa na miguu ya kiti.

MC, mwanamke mwenye sauti ya kupasua vyungu, akatangaza kwamba bwana harusi anaingia. Ndoa ilikuwa imefungwa jana msikitini. Leo Nadir anakuja kunipa mkono tu na kunisomea dua. Nikayaona makubadhi yake mapya na ncha ya joho. Udi ukanijia. Kisha mkono wake ukapita mbele ya macho yangu kwenda kwenye utosi wangu, na chini ya kucha nikaona udongo mwekundu.

Nadir ni mwalimu wa hesabu, jembe halijui. Mwanamme anachimba nini siku ya harusi yake?

Nikanyanyua macho. Ukumbi mzima ukaguna.

"Bibi?" nikamuuliza.

Dua ilikuwa imemkwama. "Tumemzika baada ya Adhuhuri," akasema polepole. "Alifariki alfajiri. Wakubwa wamesema usiambiwe mpaka kesho, harusi isivunjike. Nisamehe."

Nikapiga ukelele. Ulinitoka tumboni, nikasimama nao.

"Haya haya haya!" MC akapokea. "Bibi harusi kazidiwa na furaha! Vigelegele jamani!"

Vigelegele vikalipuka. Mashine ikapuliza moshi. Nikawa nasema, "Nnakwenda Jambiani! Nipisheni!" na muziki unanimeza. Wanawake wakaja mbio kunitunza, wakanizunguka duara, wananibandika noti kwenye paji la uso, wanacheza, kila upande ninaogeukia nakuta kifua cha mtu na simu. Nikavuta shela, likachanika, na wakalishangilia hilo pia.

Mama mdogo akanikamata mabega. Wanja ulikuwa umemchuruza mpaka kidevuni. Kumbe naye alikuwa akilia tangu asubuhi. "Kaa, mwanangu. Keshazikwa. Unakwenda kumfukua? Kaa, nakuomba, utaniaibisha."

Nikakaa.

Nadir akapiga magoti mbele yangu, akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kikuba. "Bibi alikifunga jana jioni," akasema. "Baba yako kakikuta chini ya mto."

Asumini zilikuwa zimenyauka, zimegeuka rangi ya chai. Lakini mrehani ulinukia ule ule wa uani, na uzi ulikuwa wa ukindu. Akakibandua kile cha uongo, akakibandika hiki kwa mkono wake, na ukumbi ukapiga makofi mpaka taa zikatikisika. MC akaomba arudie, mpigapicha hakuwa tayari.

Nadir akakataa. Nikamshukuru kimoyomoyo, nikainamisha macho.

Mbele yangu ikasimama miguu miwili ya hina mbichi. Mwenyewe akamwambia mwenzake, "Shoga, watu hawa kwa maigizo hawajambo! Hata kilio wamekipanga."

Sikumjibu. Bibi harusi hasemi.