Wachezaji Kumi na Mmoja na Vivuli Vinne

Jumanne ya mwisho ya mwezi Machi, saa kumi kasorobo alasiri, Mwalimu Eparama Drodrolagi aliwafukuza uwanjani ng'ombe wawili wa mchungaji wa kanisa, akachota chokaa kwenye ndoo, akairudishia mistari iliyofutwa na mvua. Kisha akapuliza filimbi. Wavulana kumi na mmoja wa Sekondari ya Vatuloa waliingia wakikimbia, na vivuli vinne vikaingia nyuma yao.

Jope Nagatale, mwandishi wa michezo wa gazeti moja la Suva, alikuwa amekaa kwenye gogo la mnazi, daftari pajani. Kila mwaka, kabla ligi ya raga ya shule haijaanza, alizizunguka shule zote nane na kuandika nani ana kikosi gani, nani kampoteza nani, na nani huenda akachukua kombe. Vatuloa aliiweka mwisho kwa sababu meli ilifika huko mara moja tu kwa wiki, ikalala siku mbili. Isitoshe, Eparama alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, mtu ambaye desturi ya Fiji ilimruhusu kumtukana kadiri apendavyo.

"Andika kumi na tano," alisema Eparama.

"Naona kumi na mmoja."

"Ndiyo maana hawakukupa ualimu. Na vile vinne?"

"Nimeviona. Niviandike kwa majina?"

"Sasa uviandike kwa nini, kwa rangi?"

Vilikuwa vivuli vya wavulana waliochukuliwa na Chuo cha Mtakatifu Klementi, shule kubwa ya Suva. Kila mwezi wa Mei mtu wa Klementi alikuja na fomu, akawatazama wavulana wakicheza, akawachagua walio bora. Aliwapa kitanda, vitabu na viatu vya raga. Wavulana walipanda meli, na vivuli vyao vikabaki gatini mpaka meli ikapotea, vikageuka, vikarudi shuleni. Ilikuwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Kule Klementi makocha walisema tu kwamba watoto wa visiwani ni wepesi sana mbioni. Fomu iliuliza urefu na uzito. Haikuuliza kivuli.

Kivuli kilifuata mwili wa mwenyewe. Mvulana akirefuka Suva, kivuli kilirefuka Vatuloa. Akipata homa, kivuli kililala chini ya mshelisheli siku mbili tatu. Mazoezini vilijipanga kila kimoja mahali pake. Mpira ulivipenya, kwa hiyo wenzao walizoea kuvirushia kwa nguvu ya kumfikia aliye nyuma. Kanuni za ligi hazikuvikataza. Ila vivuli havikupanda meli, hivyo mechi za ugenini Vatuloa walicheza kumi na mmoja wakafungwa sana, na za nyumbani wakacheza kumi na tano wakafungwa kidogo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, akina mama wanne walikuwa wameshatandika mikeka kando ya uwanja. Ndiyo ilikuwa saa yao. Kila kivuli kilitoka uwanjani na kujilaza kwenye mkeka wa mama yake, na mama alikaa nacho akimenya muhogo au akisuka, mpaka jua lizame.

"Nashukuru Mungu," Vasemaca Lutuna alimwambia Jope. Alikuwa mjane, na mwanawe Isikeli alicheza nafasi ya namba nane kwenye timu ya Klementi. "Wenzetu wa visiwa vingine wakimtoa mtoto, wanabaki na picha. Mimi wangu namwona kila siku. Mwaka huu amenenepa mabega, umeona? Wanamlisha vizuri."

Jope aliandika: mabega.

Kisha kivuli cha Isikeli kikatoka uwanjani, kikapita mbele ya Vasemaca, kikaenda kujilaza kwenye mkeka wa Salote, mama wa winga.

Salote alikitazama. Akamtazama Vasemaca. "Huyu si wangu," alisema taratibu.

Kivuli cha winga kilikuja, kikakuta mahali pake pana mtu, kikasimama. Vasemaca alipiga mkeka wake kwa kiganja, kama alivyofanya Isikeli alipokuwa anajifunza kutembea. Kivuli cha Isikeli hakikugeuka.

Vasemaca alikwenda kwenye ngazi za kanisa, mahali pekee simu iliposhika, akapiga Klementi. Karani wa ofisi ya michezo alikuwa na adabu.

"Isikeli yuko vizuri, mama. Jumamosi hii anacheza mechi ya kirafiki na shule ya Naivakalevu. Uwanja utajaa."

"Jumamosi iliyopita je?"

"Aligongwa kichwani kidogo kipindi cha kwanza. Lakini alimaliza mechi. Mwanao ana moyo, mama."

"Ameshaonwa na daktari?"

"Ana moyo sana," alisema karani.

Jumatano kivuli kilikosea tena. Safari hii kilikwenda kwanza kwenye shina la mpera, kikasimama hapo kana kwamba ndipo kilipotumwa, halafu kikayumba mpaka mkekani kwa Salote. Vasemaca aliacha kusuka.

"Dada, niazime mkeka wako."

"Chukua. Na wangu atalala wapi?"

"Mlaze kwenye wangu. Akikoroma umgeuze."

Salote aliinuka. Vasemaca akaanza kuukunja mkeka, kivuli kikiwa ndani, kuanzia miguuni, polepole, akiuacha ulegee kidogo upande wa kichwa. Akaufunga kwa kamba mbili za katani. Mzigo ulikuwa mzito kuliko mkeka mtupu, lakini si kwa kiasi kikubwa.

Alhamisi akapanda meli pamoja na Jope. Mkagua tiketi aliugusa mzigo kwa kalamu.

"Humu mna nini, mama?"

"Mwanangu."

"Usimweke sitaha, patakuwa na mvua. Muingize ndani, karibu na magunia ya mbata, ndipo pakavu."

Vasemaca alimshukuru. Njia nzima alikaa ameegemea magunia, mkono juu ya mkeka. Jope alimletea chai na biskuti. Alimshukuru pia, akamwambia yeye ni mtu mwema, na pengine gazeti halijui.

Jumamosi mchana viwanja vya Klementi vilijaa mahema. Wanafunzi wa zamani walivaa tai za shule, wakala nyama choma, wakabishana kuhusu mechi za miaka ishirini iliyopita. Mkuu wa michezo, Bwana Petero Waqabaca, ndiye aliyekuwa akija Vatuloa kila Mei. Alimpokea Vasemaca kwa mikono miwili.

"Mama yetu! Karibu sana. Kaa kwenye hema la wageni."

"Nimekuja kumchukua Isikeli. Kichwa chake hakiko sawa."

"Daktari wetu ni mzuri sana, mama. Usiwe na shaka."

"Alimwona lini?"

"Atamwona Jumatatu."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo maana nasema usiwe na shaka. Jumatatu si mbali."

Wachezaji walikuwa wameshatoka kupasha misuli. Kumi na mmoja kati yao walikuwa na vivuli, wanne hawakuwa navyo, na hakuna aliyekuwa akihesabu. Vasemaca alikwenda mpaka kwenye mstari wa pembeni, akapiga magoti, akafungua kamba, akatandika mkeka wa Salote kwenye nyasi.

Kivuli kilikaa kitako kwanza. Kisha kikainuka, kikavuka mstari, kikatembea mpaka katikati ya uwanja ambako Isikeli alikuwa akirushiana mpira na mwenzake. Kikaingia chini ya viatu vyake.

Isikeli aliacha mpira uanguke. Alitazama chini muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Akajaribu hatua mbili, na miguu ikawa mizito, kama ilivyo mizito miguu ya watu wote. Akakaa chini.

Mama yake akamfikia.

"Shangazi Salote," alisema Isikeli. "Umekuja?"

"Nimekuja."

"Kichwa kinaniuma tangu wiki iliyopita. Niliwaambia. Wakanipa maji."

"Najua. Twende."

Bwana Waqabaca alifika akitembea haraka, bado anatabasamu kwa ajili ya watu wa mahemani. "Mama, nakuomba tuelewane. Akitoka uwanjani sasa, mkataba umevunjika. Sahihi ni yako mwenyewe. Hawezi kurudi."

Vasemaca aliinama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Akavipangusa nyasi na kumkabidhi. "Asante kwa viatu," alisema, na alimaanisha hivyo. "Asante na kwa chakula. Amenenepa."

Mechi ikaanza saa ileile iliyopangwa, na mtu wa akiba kwenye nafasi ya namba nane. Klementi walishinda.

Hospitalini, daktari kijana aliyekuwa amesuka nywele aliwaonyesha picha ya kichwa cha Isikeli ikiwa imebandikwa kwenye taa. Aliweka kidole mahali penye doa. Damu imevuja kidogo, alisema, na inaweza kunyonywa yenyewe akitulia. Kama angecheza leo, akagongwa tena... Hapo daktari akaizima taa.

Isikeli alilala wodini siku kumi na mbili, kivuli chake kikiwa kimelala chini ya kitanda, upande wa dirishani. Siku ya nne alimwita mama yake "mama", akaomba magimbi kwa tui. Vasemaca alitoka nje ya wodi, akasimama kwenye korido, akalia akiwa ameshika ukuta, kisha akaanza kushukuru. Alimshukuru daktari. Aliwashukuru wauguzi wote, mmoja mmoja, kwa majina, na yule mzee aliyefagia. Alimshukuru mke wa Jope aliyeleta supu kila jioni, na mkagua tiketi wa meli ambaye hakuwepo. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na watu wengi wa kushukuru namna ile kwa pamoja, na aliona kwamba hilo nalo ni jambo la kushukuriwa.

Barua ya Klementi ilifika wodini siku ya tisa. Ilisema mwanafunzi Isikeli Lutuna ameondolewa shuleni kwa utovu wa nidhamu, baada ya kukataa kucheza.

Jope aliandika makala yake ya utangulizi wa msimu, na ndani yake akayaweka yote: kichwa kilichogongwa, maji, Jumatatu ya daktari, barua. Mhariri wake hakuwa mtu mbaya. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema wasomaji wa ukurasa wa raga ndio haohao waliosoma Klementi. Makala ikatoka Ijumaa. Ilisema Klementi bado ni wa kuogopwa, ingawa namba nane wao amerudi nyumbani kwa sababu za kifamilia. Naivakalevu wana skramu nzito, safu ya kusukumana isiyorudi nyuma. Na Vatuloa wana wachezaji kumi na mmoja na vivuli vitatu, hivyo wasitarajiwe kufika mbali. Hakuna msomaji aliyeandika kuuliza chochote.

Jope ndiye aliyewasindikiza mama na mwana kurudi kisiwani. Kesho yake baada ya kufika alimkabidhi binamu yake gazeti bila kumtazama usoni.

"Nimelisoma," alisema Eparama. "Limefungiwa samaki niliyeletewa jana. Samaki alikuwa na habari nyingi kuliko wewe."

"Walikata."

"Najua walikata. Una uso wa mtu aliyekatwa." Eparama akamsogezea bakuli la kava, kinywaji cha wageni. "Kunywa. Umetuletea mtoto. Gazeti tutalipata jingine."

Isikeli hakuruhusiwa kucheza tena. Alimsaidia mwalimu kupaka chokaa, na asubuhi alikaa barazani akijifunza upya majina ya watu. Mama yake alimtajia anayepita, naye akarudia. Jina la marehemu baba yake lilirudi kwanza, kisha la mchungaji, kisha la mbwa. Wanakijiji walianza kupita pale makusudi, wengine mara mbili, wakitembea polepole. Aliyepatiwa jina lake aliondoka anacheka, na aliyekosewa alisema, "Hilo pia ni zuri," akaendelea na safari.

Mwezi wa Mei Bwana Waqabaca akaja na fomu. Wazee walimkaribisha kwa kava na hotuba, wakawashukuru watu wa Klementi kwa kuwakumbuka watoto wa visiwani. Naye akasimama, akawashukuru wao kwa kuwalea vijana wenye moyo. Aliwatazama wavulana wakicheza, akachagua wawili. Mmoja alikuwa mdogo wa yule winga. Salote aliweka sahihi, kwa kuwa Vatuloa hapakuwa na kidato cha sita wala fundi wala kiwanda, na kwa kuwa mkubwa alikuwa akilishwa vizuri.

Chakula cha mgeni kiliandaliwa kwa Vasemaca, zamu ilikuwa yake. Alipika samaki kwa tui la nazi, magimbi na mboga za majani. Kabla ya kula, Isikeli alileta beseni, akamimina maji, na Bwana Waqabaca akanawa mikono yake yote miwili vizuri.

"Asante, kijana," alisema, akitafuta taulo. Akamtazama mabega. "Mbona wewe sikukuona uwanjani? Unaitwa nani?"

Isikeli alimwambia jina lake. Kisha akafikiri kidogo, akamtajia na la kwake, Petero Waqabaca, bila kukosea hata herufi.

"Vizuri," alisema Bwana Waqabaca, akavuta sahani.

Vasemaca alikuwa akimtolea mgeni miiba ya samaki. Alifurahi mno hata ikabidi ainamie sufuria. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo mwanawe hajakosea jina la mtu.