Ua wa Yuditha

Jumamosi mchana, ng'ombe wakishakatiwa majani, usharika ulikusanyika ukumbini kutazama opera yao, mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, waliourekodi wenyewe kwenye mashamba ya kahawa. Bi Rukaiya, mwalimu wa muziki kutoka Njoro, alialikwa kupima waimbaji: sauti kivyake, uigizaji kivyake.

Grace alitokea kwenye skrini, mzuri hadi kero, akimlilia mchumba aliyepotea mlimani. Sauti ilikuwa ya shangazi yake, Yuditha. Eliezeri, mwalimu wa kwaya, aliirekodi pembeni kwa sababu Yuditha ana pengo la meno ya mbele, na kamera, alieleza, haina huruma. Alimwahidi jina lake litaandikwa. Yuditha hakutaka kingine. Alivaa kitenge kipya kwa ajili ya jina hilo.

Majina ya waimbaji yalikuwa yametangulia kwenye skrini. La kwake halikuwamo.

Wimbo ulipofika katikati, sauti ilishuka kutoka kwenye skrini, ikapita kati ya viti, watu wakivuta miguu kuipisha, ikaingia kooni mwa mwenyewe. Wimbo ukaendelea kutoka benchi la nyuma. Grace wa kwenye skrini alibaki akifungua na kufunga mdomo.

"Uigizaji mzuri sana," alisema Bi Rukaiya. "Sauti nimwandikie nani?"

Eliezeri alitoka nje akarudi na tawi la isale. Huku kwa Wachagga, aliyeletewa isale hakatai. Anasamehe, hasira iwe imeisha au haijaisha.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Filamu imeshatumwa mjini, kuibadilisha ni kazi."

"Marahaba, mwanangu."

Yuditha alilipokea. Akaiambia sauti yake irudi, kwa upole, kama anayemtuma mtoto dukani. Ikarudi. Bi Rukaiya aliandika Grace, sauti na uigizaji.

"Shangazi, umeimba jamani," Grace alisema, akimkumbatia.

"Na wewe umelia vizuri."

Alimpenda sana mtoto huyu, na hapo ndipo palipouma.

Alipofika nyumbani alilichomeka lile tawi ardhini, akalimwagia maji, pembeni ya masale mengine aliyowahi kuletewa. Yote yameshika. Ua umeizunguka nyumba nzima sasa, mzito na wa kijani, na wapita njia huusifu. Imebaki nafasi ya mlango tu.