Uchochoro Pepe

Haya nilisimuliwa na wifi yangu, masika yaliyopita, tukichambua mchele jikoni. Nilipopuliza pepe zikaruka ungoni, akacheka peke yake. Nikamuuliza, "Wifi, kulikoni?" Akasema, "Nimemkumbuka jirani yangu anayekaa ndani ya pepe." Nikaweka ungo chini.

Jirani huyo ni mjane mwenye binti mmoja. Binti ni fundi wa nakala katika ofisi ya viwanja. Kila jioni kabla ya kufunga hutoa nakala ya yote yaliyomo kwenye mashine za ofisi, ili siku mambo yakiharibika yarudishwe kama yalivyokuwa. Mashine zenyewe zimo katika chumba cha baridi, makabati marefu yanayovuma kama mzinga wa nyuki.

"Makabati ni machache, mama," binti alimweleza siku moja. "Lakini ndani ya kila moja mna mashine nyingine nyingi zisizo na mwili. Tunaziita mashine pepe."

"Pepe? Si zile zinazoruka ungoni, hazina kiini?"

"Hizi zinafanya kazi, mama."

"Hata pepo hufanya kazi."

"Pepe, mama. Si pepo."

"Herufi moja tu hiyo, mwanangu. Karani akipiga chafya, imeshakosewa."

Walikuwa wakizungumza katika chumba cha kupanga cha binti, maana mama hakuwa na nyumba tena. Ofisi ya viwanja ilikuwa imeutaka uchochoro wao iegeshe magari. Kwanza waliufuta kwenye mashine, kisha wakaleta trekta. Sheria inakataza kubomoa nyumba ya mtu, ila haikatazi kubomoa kisichokuwepo. Watu wa uchochoro, wifi yangu akiwa mmoja wao, walifungua madai, wakawa wanangoja wapewe nyumba nyingine.

Tangu siku ya trekta mama hakulala. Si kwamba alilala kidogo. Hakulala. Usiku alikaa macho wazi akifuma vitambaa, hadi kila kiti cha jirani kikawa na kitambaa chake. Daktari alimpima, akamshauri awe anakumbuka kupepesa macho.

Basi siku moja bomba likapasuka juu ya dari ya chumba cha baridi. Makabati yalikunywa maji mpaka yakanyamaza. Kwa kawaida hapo ndipo nakala husaidia, lakini meneja alikuwa amekataza zisipelekwe mbali. "Nakala ikae karibu na mama yake," alisema, akaamuru ziwekwe rafu ya chini ya makabati yale yale. Binti alimwambia, "Bosi, siku maji yakija yatawachukua wote wawili." Akajibiwa, "Acha uchuro, wewe." Yakaja, yakawachukua wote wawili.

Ilisalia nakala moja tu. Ilipelekwa zamani ng'ambo ya mto, kwenye ofisi ndogo, kwa majaribio. Huko waliitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Rudisha hiyo," meneja alisema.

"Ni ya zamani, bosi. Ni ya kabla ya..."

"Hata ingekuwa ya babu yako. Watu wamejaa dirishani. Rudisha."

Binti akaanza kuirudisha asubuhi. Mchana mlinzi alichungulia mlangoni. "Fundi, huko nje kuna nyumba. Zimeingia bila kupita getini."

Uchochoro ulikuwa umerudi kwenye maegesho, umejipenyeza katikati ya magari bila kukwaruza hata moja. Nguo zilining'inia kwenye kamba, bado mbichi. Kuku mwekundu, aliyeliwa siku nyingi, alikuwa akiparura chini ya gari la meneja. Wafanyakazi walisogeza magari yao kidogo, wakaenda kula.

Binti akamleta mama. Mama akabonyeza ukuta wa nyumba yake. Ukuta ukaingia ndani kama unga uliokandwa, kisha ukarudi.

"Nyepesi," alisema. "Lakini ni yangu. Hebu sikiliza mlango." Akausukuma, ukalia ule mlio wake wa siku zote. "Baba yako aliahidi kuutia mafuta mpaka akafa." Akaingia, akakuta birika linachemka. Akatia majani ya chai.

Majirani nao wakarudi, kila mtu na godoro lake kichwani. Mlinzi akawa anawafungulia geti.

Alasiri meneja akamwita binti. "Nikuulize, fundi. Uchochoro upo au haupo?"

"Upo, bosi."

"Sasa hawa wanaodai wamebomolewa wanadai nini, na nyumba zimesimama?"

"Zile ni pepe, bosi. Hazina msingi."

"Kwenye mashine zimo?"

"Zimo."

"Basi zipo. Andika kwamba hakuna kilichobomolewa, madai yafungwe. Ukiona ni uongo, sema tu. Tutaufuta uchochoro tena, nao waendelee kudai. Mimi sina haraka. Kabla ya jua kuzama nipate jibu."

Binti alitoka na kompyuta yake kwapani. Alimkuta mama amejinyoosha kitandani, viatu pembeni, akamweleza yote bila kuficha.

"Wakiufuta," mama aliuliza, "tutapewa nyumba ya kweli?"

"Pengine. Baada ya miaka."

"Na tukinyamaza?"

"Unabaki humu. Ila hakuna atakayekuwa amedhulumiwa. Si wewe, si wifi wa watu hapo jirani, si mtu yeyote."

Mama alitazama dari, iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa upepo. Kisha akapiga mwayo, mrefu, wa kwanza tangu trekta.

"Mwambie huyo bosi wako," alisema, "mwambie kwamba mimi..."

Binti akangoja. Akasogeza sikio. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi, kidole bado kimeinuliwa kama anayetaka kumuonya mtu.

Jua likawa linazama. Angeweza kumwamsha. Alimshika bega, akaliachia. Akafungua kompyuta juu ya magoti, akaandika: hakuna kilichobomolewa. Mashine ikapokea bila kuuliza. Nje meneja aliwasha gari, akarudi nyuma, akapitisha ubavu wa gari kwenye ukuta wa jikoni, akaondoka. Ukuta ukajifunga.

Manyunyu yakaanza. Yalipita kwenye paa kana kwamba halipo, yakadondoka kitandani. Binti alichukua mwavuli nyuma ya mlango, akaufungua juu ya kichwa cha mama, akaubana mpini katikati ya mito. Nusu ya bega la mama ilibaki nje. Akaendelea kulala hivyo hivyo.