Mstari wa Baba Mkwe

Mitambo alitoka bafuni na taulo moja kiunoni, anapiga mluzi, akamkuta baba mkwe wake mtarajiwa ameketi kitandani, kofia kichwani, begi mapajani.

Mluzi ulikatika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maji ni ya moto?"

"Ya moto, baba."

"Nashukuru kusikia. Hiki ni chumba changu."

Tuseme ukweli, mtoto wa watu hakuwa na nia mbaya. Ukoo wa mchumba wake ulikuwa unakutana kwa siku mbili kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, na siku ya pili Mzee alikuwa atoe jibu la posa. Mwaka mzima alikuwa anajibu "tutaona", kwa sauti ile ile aliyowatuliza nayo wanafunzi enzi zake za ualimu mkuu. Mitambo, jina alilobandikwa na ukoo kwa sababu kompyuta haimtoki mkononi hata mezani, akaona hapa ndipo pa kujionyesha. Vyumba niachieni mimi, akasema, kifua mbele.

Kazi yenyewe si ya kuumiza kichwa. Kulikuwa na mafaili mawili. La watu lilikuwa na namba ya simu na jina kwa kila mstari, mchumba wake kayatoa kwenye simu yake. La vyumba lilikuwa na namba ya simu na chumba, kama mpokezi wa nyumba ya wageni alivyoandika akisomewa na shangazi mtu. Ukiyapanga yote mawili kwa namba, ukaandika amri ya join kwenye ile skrini nyeusi, kompyuta inatafuta namba zinazofanana na kuunganisha mistari yake: mtu huyu, chumba hiki. Mitambo akabonyeza, orodha ikatoka, akaibandika ukutani mapokezi bila hata kuhesabu. Alichokiona yeye ni kwamba chumba namba tisa, cha pekee chenye bafu ndani, hakikuwa na mtu. Akachukua ufunguo.

Sasa shangazi alikuwa mlangoni, na nyuma yake nusu ya ukoo.

"Mitambo! Umemfuta kaka yangu! Mtu magoti mabovu, bafu lenyewe nimelipigania wiki nzima, kumbe namtafutia bwana harusi mahali pa kuogea!"

Mchumba wake alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, haijulikani analia au anacheka. Mitambo aliogopa, tena sana. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na aliona "tutaona" inageuka "hapana" mbele ya macho yake, naye hata suruali hana.

"Vaa nguo," Mzee alisema. "Halafu niletee hiyo kompyuta."

Wakakaa bega kwa bega kitandani. Mitambo akaeleza, jasho likimtoka upya.

"Namba zikifanana, mstari unatoka," Mzee alirudia. "Zisipofanana?"

"Hautoki, baba."

"Na kompyuta inasema nini?"

"Haisemi kitu."

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu, na wote mlangoni waliosoma kwake wakanyamaza kwa mazoea.

"Miaka thelathini nimeita majina kila asubuhi. Waliokuja nilikuwa nawaona kwa macho yangu. Rejista ni ya yule asiyeitika. Wewe umewaita watu, asiyeitika ukalala kitandani kwake."

Hapo Mitambo alitamani ardhi ipasuke. Kuongeza herufi kidogo kwenye amri ile ile ili itoe mistari iliyokosa mwenzake alikujua tangu chuoni, ila aliona ni kupoteza muda. Akaandika. Ikatoka mistari miwili. Wa kwanza namba iliyoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, mbele yake jina la Mzee. Wa pili namba iliyoanza na sifuri, mbele yake chumba cha tisa.

"Hii ni yangu," Mzee alisema, kidole kwenye skrini. "Na hii ni yangu."

"Ndiyo, baba. Ila kwa kompyuta ni watu wawili."

"Mmoja ana jina hana kitanda, mwingine ana kitanda hana jina."

Shangazi alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. Mitambo akarekebisha namba, akaunganisha upya. Safari hii alihesabu, kwa sauti. Kumi na wanne.

"Wewe uko wapi?" Mzee aliuliza.

"Sijajiandika, baba. Ni faili la ukoo."

Mzee aliivuta kompyuta mapajani kwake na, kwa kidole kimoja, akisaka kila herufi, akaandika chini kabisa ya faili la watu jina kamili la kijana, lile la kwenye cheti. Akamtajisha namba yake ya simu, akaianza na sifuri. Akataka faili la vyumba. Akaiandika namba ile ile, akalinganisha tarakimu moja moja, akaongeza neno moja.

"Panga. Unganisha."

Mistari kumi na mitano. Katikati yake alikuwepo Mitambo, na mbele ya jina lake: kochi.

Mchumba wake alisoma juu ya bega la Mitambo, akapiga kelele iliyosikika mpaka jikoni.

"Kaka," shangazi aliuliza, "si ulisema jibu ni kesho?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

"Jibu limo kwenye faili. Sasa tokeni chumbani kwangu."