Uzito wa Kila Siku

Nurdini alikipenda kigari chake cha mbio kuliko alivyopenda kusema ukweli. Siku hiyo, katika gereji moja ya Masasi, fundi Yasinta alikuwa ameshavuta nyuzi ubavuni mwa gari ili anyooshe matairi ya nyuma, yaliyolika upande wa ndani.

"Baba Ziada," Yasinta akamwambia Nurdini, "alaimenti ya matairi hupimwa gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Wewe hubeba nini?"

"Najibeba mwenyewe. Hili ni gari la mashindano."

Yasinta akafungua buti, akaokota kipande cha mhogo mkavu, akamtilia kiganjani. "Kumbe la mashindano nalo linakula makopa!"

Nurdini akasalimu amri, akampigia simu mama mkwe wake, muuza makopa, aliyekuwa sokoni. Mama akaja na magunia mawili, akayatia kwenye buti, akaketi kiti cha nyuma, akajifunga mkanda. Nurdini akatamani ardhi ipasuke immeze.

Yasinta akapima, akakaza nati, akapima tena. "Tayari, Mama. Sasa mwambie mkweo aendeshe taratibu."

"Taratibu?" Mama akang'aka. "Jumatatu lori la korosho lilitupita kwenye mlima wa Newala. Leo halitupiti!"